Frera Ramón Pané na kitabu cha kwanza juu ya watu wa Karaibi

Katika seminari nyingi kuna desturi nzuri ya jioni ya vitabu. Mmoja anasimama mbele ya wenzake, anaonyesha kitabu alichokisoma, anaeleza mwandishi ni nani na mambo gani yamo ndani. Kiisha wengine wanamwuliza maswali, na mara nyingine wanamsumbua kidogo. Kama mtu akituuliza kitabu gani kinafaa kwa jioni ya namna hiyo, sisi tungemwonyesha kitabu kimoja kidogo sana, chenye sura 26 fupi fupi, kilichoandikwa na frera maskini kunako mwaka wa 1498 katika kisiwa cha Hispaniola, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Msomaji aweza kukimaliza mbele ya taa kuzimwa. Lakini mambo yake yanagusa kazi ya kila padri na ya kila katekista, kwani ni habari ya mtu wa kwanza aliyekaa chini kuwasikiliza watu wa inchi zile, wanasema nini juu ya Mungu, juu ya wafu, na juu ya asili yao wenyewe.

Kisiwa cha Hispaniola kina leo inchi mbili, Haiti na Republika ya Dominika. Wenyeji wake wa zamani tunawaita Wataino. Christophe Colomb alifika kwao mara ya kwanza katika mwezi wa Desemba 1492. Alirudi mara ya pili, akitoka Cádiz tarehe 25 Septemba 1493 na merikebu 17, na watu zaidi ya elfu moja: askari, wakulima, mafundi, watafuta-zahabu, na watumishi wachache wa Mungu. Katika hao wachache alikuwamo Ramón Pané. Alikuwa Mkatalani, na katika kitabu chake anajiita mwenyewe mkaapweke maskini wa shirika la Mtakatifu Yeronimo. Bartolomé de Las Casas, aliyemjua, alisema ya kuwa alikuwa mtu mnyofu, mwenye nia njema, lakini hata luga ya Kihispania hakuisema vizuri sana. Basi, huyu mtu asiyeisema vizuri luga ya wakubwa wake ndiye aliyepewa kazi ya kujifunza luga ya wenyeji. Tunazani pengine haikuwa bahati mbaya. Mtu aliyezoea kujifunza maneno ya wengine anajua kwamba maneno ni kitu cha kujifunza.

Colomb alimtuma kwanza kukaa katika ngome ya Magdalena, katika inchi ya Macorix, na huko Frera Ramón akajifunza luga ya mahali pale. Kiisha Colomb akamwita: aende kwa mfalme Guarionex, kwa sababu luga ya Guarionex inasikiwa katika kisiwa chote, na ile ya Macorix haipiti mipaka ya inchi yake. Kila padri aliyehamishwa kutoka misioni moja kwenda misioni nyingine, akiwa amekwisha kujua luga ya misioni ya kwanza, atamhurumia. Frera Ramón hakunyamaza. Alimwuliza mkubwa wake, nitakaaje kwa Guarionex nami sijui luga ila hii moja? Akaomba apewe mtu anayejua luga zote mbili. Akakubaliwa, akamchagua kijana jina lake Guaticabanu.

Kijana huyo alikaa naye, akamwongoza na kumfasiria, na Frera Ramón anaandika kwamba alimpenda kama mtoto na kama ndugu. Alibatizwa tarehe 21 Septemba 1496, siku kuu ya Mtakatifu Matayo, akapewa jina la Juan Mateo. Kufwatana na kitabu hiki, ndiye mtu wa kwanza aliyepokea Ubatizo katika Hispaniola. Wakatekista wanaosoma ukurasa huu waangalie vizuri: mkristu wa kwanza wa kisiwa kile alikuwa mkalimani. Hatuna neno lolote alilotuandikia yeye mwenyewe, na hakuna anayeweza kutuambia katika kitabu hiki sehemu gani ni ya Ramón na sehemu gani ni ya Juan Mateo. Kitabu kina jina la mmoja. Masikio yalikuwa ya wawili.

Sasa tufungue kitabu chenyewe.

Wataino walisema ya kuwa juu mbinguni kuna mmoja asiyekufa, asiyeonekana na mtu, ambaye ana mama lakini hana mwanzo. Jina lake ni Yúcahu Bagua Maórocoti. Mama yake ana majina matano, na la kwanza ni Atabey. Wataalamu wamechungua majina haya kwa bidii. Katika neno Yúcahu wanaona neno yuca, ndilo jina la muhogo ambalo Wahispania wangali wanalitumia. Bagua ni bahari. Na neno la tatu wanalifasiri kwamba hana baba wala babu mwanaume. Bwana wa muhogo na wa bahari, asiye na babu: jina lote ni fundisho la dini.

Hapa turuhusiwe kukaa kidogo, maana msomaji wa Kongo anaposikia jina la muhogo hawezi kupita tu. Muhogo wetu haukutoka Hispaniola. Wareno waliuleta katika pwani ya Kongo toka Brazili katika karne ya 16. Lakini ni mti ule ule, wenye sumu ile ile katika mihogo michungu, na watu wa pande mbili za bahari walipaswa kutafuta akili ya kuiondoa sumu. Sisi tunailowesha mihogo katika maji siku kadha wa kadha, tunaianika, tunaitwanga, tunapika bukari. Wao waliikwaruza ikiwa mibichi, wakatia ule ugandaugandao katika mfuko mrefu mwembamba uliosukwa kwa majani, wakaukamua kwa nguvu mpaka maji ya sumu yakatoka yote, halafu wakachoma mikate mipana juu ya sahani kubwa ya udongo. Mkate ule ulikaa miezi mingi bila kuoza, na merikebu za Wahispania zilijazwa nao. Watu waliokuwa wakiwazarau Wataino waliishi kwa mkate wao. Mtu anayejua kazi inayotakiwa ili muhogo mchungu usiue hashangai kusikia kwamba Mtaino alimweka Bwana wa muhogo mbinguni.

Watu wametoka wapi? Frera Ramón anajibu kama alivyosikia: katika inchi ya Caonao kuna mlima, na katika mlima kuna pango mbili. Katika moja, jina lake Cacibajagua, walitoka karibu watu wote wa kisiwa. Mlinzi wa pango aliitwa Mácocael. Siku moja alichelewa kurudi mlangoni, jua likamkuta nje, akageuka jiwe. Jua na mwezi nazo zilitoka katika pango jingine, nalo waliliheshimu sana. Na bahari? Mtu mmoja, jina lake Yaya, alimwua mtoto wake aliyetaka kumwua yeye, akatia mifupa yake katika kibuyu, akakitundika darini. Siku zilipopita alikishusha amwone mtoto wake, na mifupa ilikuwa imegeuka samaki. Baadaye ndugu wanne waliozaliwa pamoja, ambao mama yao alikufa katika kuzaa, waliingia kwa wizi na kula samaki wale. Walipomsikia Yaya anarudi walikitundika kibuyu vibaya, kikaanguka, kikapasuka, na maji yakatoka mengi mpaka yakajaa inchi. Ndiyo bahari. Waseminari watakaosoma hadisi hii watakumbuka pengine hadisi za babu zao, zenye kibuyu na ndugu wasiosikia. Wasikimbilie kusema kwamba mmoja alimwiga mwingine. Kibuyu kilikuwa katika kila nyumba, na bahari ilikuwa mlangoni.

Juu ya wafu kitabu kina habari ambayo sisi hatuisahau. Wafu wanakwenda mahali panapoitwa Coaybay, kwa mfalme Maquetaurie Guayaba. Mchana wamefungiwa, usiku wanatoka kutembea, wanakula tunda la mapera, wanacheza pamoja na walio hai. Namna gani utajua kwamba mtu uliyekutana naye usiku ni mfu? Utampapasa tumbo. Kama hana kitovu, ni mfu. Kwa sababu hiyo, anasema Frera Ramón, watu hawakupenda kutembea usiku peke yao.

Waganga wao waliitwa behique. Walivuta puani unga wa mti unaoitwa cohoba mpaka wakasema na wasioonekana. Walifunga chakula pamoja na mgonjwa. Walinyonya mahali pa ugonjwa, wakatema jiwe au mfupa waliouficha kinywani mbele, wakasema, tazama, hii ndiyo iliyokuua. Frera Ramón anaufunua udanganyifu huo bila huruma. Lakini anaandika pia jambo ambalo wasafiri wengine wasingalijali kuuliza: mgonjwa akifa, wenye mfu wana namna yao ya kumwuliza maiti mwenyewe kama mganga alimfunga vizuri au hapana, na kama mganga ana kosa, wanamvizia na kumvunja mikono na miguu. Basi, kazi ya uganga ilikuwa na hesabu yake.

Mtu atauliza: Je, huyo frera aliyapenda mambo hayo? Hapana. Aliyaita upumbavu na madanganyo ya shetani, na katika kila sura chache anarudia hukumu hiyo. Sisi tunamheshimu zaidi kwa yale aliyoyaandika kuliko kwa yale aliyoyahukumu. Anakiri tena mara nyingi ya kuwa hadisi hazina utaratibu, kwani wenyewe hawana maandiko na kila mmoja anaeleza kwa namna yake. Ya kuwa aliandika kwa haraka, na karatasi ilikuwa kidogo, hata pengine aliweka mwanzo mahali pa mwisho. Hakutengeneza mambo ili yapendeze. Mwandishi anayemwambia msomaji kwamba karatasi ilimpungukia, tunaweza kumsadiki.

Sasa tufike katika sehemu chungu.

Frera Ramón alikaa kwa Guarionex karibu miaka miwili. Mwanzoni mfalme alionyesha nia njema. Alijifunza Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki, na nyumbani mwake walizisali mara mbili kila siku. Kiisha akaacha. Wakubwa wengine walimgombeza: mbona unawatii hawa Wakristu, nao ni watu wabaya, wamechukua inchi yetu kwa nguvu?

Ili tumwelewe Guarionex, sherti tujue mambo ambayo Frera Ramón hakuyaandika, na ambayo Las Casas aliyaeleza baadaye. Katika mwaka wa 1495 Colomb aliamuru kwamba kila mtu mwenye miaka zaidi ya 14 anayekaa karibu na mahali pa zahabu alete, kila miezi mitatu, zahabu ya kujaza kengele ndogo ya mguu wa kipanga. Guarionex alijibu ya kuwa watu wake hawajui kutafuta zahabu. Mahali pake akajitolea kulima shamba kubwa la chakula toka pwani ya kaskazini mpaka pwani ya kusini, liwalishe Wahispania wote. Colomb alikataa, hakuja kutafuta chakula. Hivi mfalme yule alisali asubuhi pamoja na frera, na wenzake wa frera walimdai kengele ya zahabu. Tusiulize sana kwa nini aliacha kusali.

Frera Ramón alihama, akaenda kwa mfalme mwingine aliyetaka kuwa mkristu. Nyuma yake aliacha nyumba ya sala na sanamu takatifu. Watu wa Guarionex waliingia, wakazichukua sanamu kwa nguvu, wakazizika katika shamba lililolimwa, wakakojoa juu yake, wakasema ya kuwa sasa mavuno yatakuwa mema na makubwa. Bartolomé, ndugu wa Colomb, aliyekuwa akitawala kisiwa wakati ule, aliwahukumu waliofanya tendo hilo, akawachoma moto wazima mbele ya watu wote.

Frera Ramón anaeleza azabu hiyo bila neno la huruma. Kwake jambo lilikuwa wazi: wametukana vitu vitakatifu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika, kurasa chache mbele, habari za cemí, yaani sanamu za mawe na za miti za Wataino, ambazo nyingine zilikuwa na nguvu ya kuotesha muhogo. Wataalamu wa leo wakiweka kurasa hizo pamoja wanaona tendo la namna nyingine. Kumzika mwenye nguvu katika shamba, kulinywesha shamba kwa maji ya mwili, kusema maneno ya baraka juu ya mavuno: hayo ni mambo ambayo mkulima Mtaino aliweza kuyafanya kwa heshima. Pengine walikuwa na hasira, pengine waliomba, pengine yote mawili kwa mara moja; watu hawafanyi sikuzote jambo moja tu katika tendo moja. Lakini hakimu hakuuliza. Na mtu mmoja tu katika kisiwa angaliweza kumweleza hakimu maana ya tendo lile, naye ndiye aliyekuwa na maelezo hayo katika daftari yake, bila kuyafikiri pamoja.

Hapa ndipo jioni ya vitabu ingekuwa na kelele, na ni vema iwe nayo. Wengine watasema ya kuwa sanamu takatifu ni sanamu takatifu. Tunakubali. Sisi tunauliza neno moja tu: mtu anayejua luga na desturi za watu, naye hazitumii wakati maisha yao yanapokatwa, amejifunza kwa ajili ya nani?

Kitabu kinaongeza ya kuwa siku chache baadaye mama yake Guarionex alichimba shamba lile, akakuta viazi viwili vitatu vimeota vikishikana kwa mfano wa msalaba. Frera Ramón anaona humo ajabu ya Mungu. Anamsifu pia Juan Mateo na ndugu yake Antón, waliouawa wakisema mpaka mwisho kwamba wao ni watumishi wa Mungu. Anawahesabu kuwa wafia-dini. Guarionex mwenyewe aliasi, akakimbilia milimani, akakamatwa. Mwaka wa 1502 walimpakia merikebuni kumpeleka Hispania, na zoruba kubwa ikaizamisha merikebu ile pamoja naye, na mtawala Bobadilla, na zahabu nyingi. Zoruba ya namna ile Wahispania na Wafaransa wanaiita mpaka leo kwa jina la Kitaino, huracán, ouragan.

Kitabu cha Frera Ramón kilipata safari mbaya karibu kama ile. Maandiko yake ya Kihispania yalipotea. Yalikuwa yameingizwa katika sura ya 61 ya maisha ya Colomb yaliyoandikwa na mtoto wake Fernando, na kitabu hicho nacho kilipotea. Kilibaki tafsiri ya Kiitalia tu, ya Alfonso de Ulloa, iliyochapwa Venezia mwaka wa 1571, Ulloa mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Majina ya Kitaino yaliyosikiwa na Mkatalani, yakaandikwa kwa Kihispania, yakageuzwa Kiitalia: msomaji afikiri yalifika katika hali gani. Mtaalamu wa Kuba, José Juan Arrom, alilinganisha tafsiri ya Ulloa na vipande vilivyonakiliwa na Las Casas na Pietro Martire, akayanyosha majina, akakichapisha kitabu upya mwaka wa 1974. Ndicho tunachokisoma leo.

Las Casas anasema neno gumu juu ya zamani zile. Katika kisiwa chote, anaeleza, hapakuwa na padri wala frera wala mtu wa dunia aliyejua vema luga moja ya wenyeji, isipokuwa baharia mmoja, Cristóbal Rodríguez. Na sababu, anasema, si ugumu wa luga. Hakuna aliyejali kuwafundisha watu wale, wote walitaka tu kutumikiwa nao. Pengine hakumtendea Frera Ramón haki yote. Lakini yalikuwa hivyo mpaka Wadominiko walipofika mwaka wa 1510, na Frera Antonio de Montesinos akapanda mimbarani katika Santo Domingo, Dominika ya nne ya Adventi, tarehe 21 Desemba 1511, akawauliza Wahispania kwa haki gani wanawatesa watu hawa. Hotuba ile waliiandaa pamoja katika jumuiya yao, hata mtu asiweze kusema ni kichaa cha mmoja.

Hapa sisi watu wa Afrika tuna deni la kuuliza. Las Casas, katika kuwahurumia Wataino waliokuwa wakiisha kwa kazi za migodi na kwa magonjwa, alishauri mwaka wa 1516 waletwe watumwa wengine, na kati yao watu weusi. Mwaka wa 1518 mfalme Karoli alitoa ruhusa ya kupeleka Waafrika 4,000 moja kwa moja toka Afrika mpaka visiwa vile. Katika mwaka ule ule wa 1518 Papa Leo wa 10 alimweka Henrique, mtoto wa mfalme Afonso wa Kongo, kuwa askofu. Tunaandika mambo mawili haya katika mstari mmoja, kwani yalitokea katika mwaka mmoja wa Ekleziya moja. Mwaka wa 1526 Afonso alimwandikia mfalme wa Ureno akilia kwamba wafanyabiashara wanawachukua watu wake kila siku, hata wana wa wakubwa na jamaa zake. Las Casas alijuta baadaye, akaandika kutubu kwake wazi wazi, akisema ya kuwa utumwa wa watu weusi ulikuwa bila haki sawasawa na ule wa Wahindi. Wafanyabiashara hawakumsikiliza.

Lakini jina la inchi lilikuwa na maisha marefu kuliko mabwana wake. Katika karne ya 18 watu wengi sana waliopelekwa utumwani katika upande wa Kifaransa wa kisiwa, Saint-Domingue, walitoka pande za Kongo. Waliasi mwaka wa 1791, wakashinda, na tarehe 1 Januari 1804 walipotangaza uhuru waliliacha jina la Kifaransa, wakaipa inchi yao jina la zamani la Wataino, Haiti. Watu waliozaliwa Kongo walilitwaa neno la Wataino kuwa jina la uhuru wao. Na baada ya mwaka wa 1960, walimu wengi wa Haiti walikuja kufundisha katika shule za Kongo. Baadhi ya wazee wetu walijifunza hesabu na Kifaransa kwao.

Kuna kitabu cha pili ambacho tungekiweka mezani jioni ile, kikubwa zaidi. Ni kamusi ya Padri Raymond Breton, Mdominiko wa Ufaransa, aliyefika Guadeloupe mwaka wa 1635, akakaa miaka mingi kati ya Wakalinago katika kisiwa cha Dominica, watu ambao Wazungu waliwaita Wakaribi. Alibatiza wachache sana. Kwa hesabu ya misioni, kazi yake ilikuwa karibu bure. Aliporudi kwao alichapisha Auxerre katekismu ya Kikaribi mwaka wa 1664, kamusi mwaka wa 1665 na 1666, na sarufi mwaka wa 1667. Sisi tulikuwa na ndugu wa vitabu vile: katekismu ya Kikongo iliyochapwa Lisboa mwaka wa 1624, na kamusi ya Kikongo iliyonakiliwa na Mkapusini Georges de Gheel kunako mwaka wa 1652. Karne ile ile, kazi ile ile, na karatasi ile ile isiyotosha.

Breton aliona jambo la kushangaza: kwa vitu vingi wanaume walikuwa na neno moja na wanawake neno jingine, naye akayaandika yote mawili. Luga ile haikufa. Katika kisiwa cha Saint Vincent Waafrika waliotoroka utumwa na waliookoka merikebu zilizovunjika walichanganyika na wenyeji, wakaishika luga yao. Mwaka wa 1797 Waingereza waliwafukuza, wakawashusha karibu watu 2,000 katika kisiwa cha Roatán, karibu na Honduras. Wazao wao ni Wagarifuna, ambao wanakaa leo katika Honduras, Belize, Guatemala na Nicaragua. Uso wao ni wa Afrika. Luga yao ni ile Breton aliyoisikia. Katika Dominica nayo Wakalinago walipewa eneo lao mwaka wa 1903, na mwaka wa 2023 mwanamke mmoja wa kabila lao, Sylvanie Burton, aliapishwa kuwa rais wa inchi.

Msomaji akikutana na Mgarifuna, amsikilize anaposema neno «mimi». Mwanaume aweza kusema au. Mwanamke atasema nuguya.